Yakuti ya Alhamisi

Kila Alhamisi, saa mbili usiku,
jengo letu la Lodz lilihamia chumba kimoja:
kwa Bi Halszka, ghorofa ya tatu,
mwenye televisheni iliyotaka dakika nne kupata moto
na kofi moja la ubavu kupata picha.
Tulikuja na viti vyetu. Theluji iliyeyuka viatuni,
ikachora ramani sakafuni, wala hakuna aliyejali,
maana Inspekta Gawryluk alikwisha vaa koti.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa chini,
karibu na kioo hata nywele zikanisimama.

Msimu ule yaliibwa mapambo ya mjane wa balozi:
mkufu, vipuli, na pete ya yakuti
iliyosogezwa hadi ikajaza kioo kizima,
ya kijivu, kama kila kitu kilichopita pale.
"Ile yangu," alisema Bi Halszka, bila majivuno.
Tulijua. Ngazi nzima ilijua.
Bwana Zenobiusz wa chini, fundi wa vifaa studio,
aliiazima mwezi wa Julai. Vigae vyake, alisema,
huwadanganya watu lakini haviidanganyi kamera.
Akaomba siku sita. Siku ya sita akairudisha
ndani ya kiberiti, juu ya pamba.

Juma baada ya juma Inspekta alikamata wasiohusika:
dereva, mpiga piano, mtumishi mwenye kigugumizi
(baba aliweka dau la sigara mbili kwa dereva, zikaliwa).
Hata ikafika Alhamisi ya mwisho.
Mabomba ya maji yalinyamaza jengo zima.
Inspekta aliwakusanya wote sebuleni, akakomea mlango,
akageuka, akatutazama, naapa, sisi,
akasema: "Mwizi yumo humu chumbani."

Bwana Zenobiusz akapaliwa na chai.

Kikohozi tu. Mama alimpiga mgongoni.
Lakini mimi wa chini niliona
kisichoonekana kutoka vitini:
Bi Halszka hakuwa akitazama televisheni.
Alikuwa akiitazama mikono ya Bwana Zenobiusz
kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.
Kisha akanyanyuka, akamjazia kikombe,
akatia sukari, vijiko vitatu,
mwaka ambao sukari ilikuwa ya kuhesabiwa.

Mwizi, nisije nikasahau, alikuwa mjane mwenyewe.
Watu walikasirika. Baba alisema tumedhulumiwa,
akabeba kiti chake akashuka bila kuaga.

Macho ya Bi Halszka yalipokwisha, nilikuwa namsomea gazeti.
Siku moja, katikati ya habari za makaa ya mawe, akanikatiza:
"Jiwe huingia kidoleni baridi na hukaa baridi,
kama mgeni asiyetaka mazoea.
Kioo hupata joto upesi.
Nilijua kabla sijakifunga kile kiberiti."

Na ukanyamaza?

"Mkewe alilazwa tangu Juni.
Dawa yake ilitoka ng'ambo, kwa dola.
Angeniomba, ningempa. Hakuniomba.
Ikabidi nimpe hivyo hivyo,
na kila Alhamisi nimpe tena.
Haya, soma. Makaa yamefikia wapi?"

Wacława, mke wa Zenobiusz, aliishi miaka kumi na mmoja zaidi.
Alitupikia supu ya bitiruti kila sikukuu,
chungu, yenye mchanga kidogo,
na Bi Halszka aliomba bakuli la pili.
Mkono ulioshika kijiko ulikuwa na pete.

Sasa pete ni yangu. Sonara ameitia lenzi,
ameigeuza, amecheka kwa adabu:
kazi safi, mama, lakini ni kioo.
Akauliza nataka aifanye nini.
Nimemwambia aikaze ile kucha moja iliyolegea
na anitoze bei ya yakuti.